Chuo cha Serikali na Ng'ombe wa Mzee Gervasi

Nimestaafu mwezi wa sita. Wenzangu wamenipa saa ya ukutani, vitenge jozi mbili na beberu ambaye mpaka leo anakula mihogo ya jirani yangu, na hotuba zimetolewa za kutosha. Limebaki jambo moja. Mwalimu Editha, aliyekabidhiwa meza yangu ya ushauri wa wanafunzi, aliniomba kaunta buku zangu tano ili aone nilikuwa nafanyaje kazi. Nimempa nne. Ya tano nimekaa nayo wiki tatu, na badala ya kumpelekea naandika haya, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wengine mnaofundisha Kasulo, Nyarubungo na popote mtakapopangiwa. Ndani ya buku hilo kuna mstari mmoja unaomhusu yeye, ambao hajawahi kuuona.

Madaraja na mshahara sitaeleza. Nilipanda, nikasahaulika, nikapanda tena. Mwenye hamu ya kujua akaulize utumishi, akiwa na bahati atamkuta mtu mezani.

Nilianzia Nyarubungo, Biharamulo. Nilishushwa na lori la saruji, mimi na godoro na ndoo, mvua inanyesha, na mkuu wa shule alikuwa amesafiri. Aliyenipokea ni Mwalimu Rwegasira wa Kemia, Mhaya mrefu asiyekuwa na haraka, ambaye aliangalia viatu vyangu akasema, "Mwalimu, hivyo havifiki Ijumaa." Vilikufa Alhamisi. Nilikuwa mwalimu wa Jiografia na sikuwa na ramani hata moja, basi yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuchora Afrika ubaoni kwa mkono mmoja bila kuinua chaki. Mpaka leo Madagaska yangu inatoka kubwa kupita kiasi.

Rwegasira ndiye aliyekuwa na meza ya ushauri, na nje ya mlango wake kulikuwa na benchi. Mzazi akija na mtoto, mzazi anabaki kwenye benchi. Hata awe diwani. Mtoto anaingia peke yake, anakaa, na Rwegasira anamuuliza swali moja tu: "Ukiamka asubuhi, unataka uende ukafanye nini?" Akishauliza ananyamaza. Anaweza kunyamaza mpaka wewe uliyekaa pembeni ukatamani kujibu kwa niaba ya mtoto. Lakini mtoto mwishowe husema, na akishasema ndipo baba anaitwa ndani. "Ukianza na baba," aliniambia, "utashindana na baba, na mtoto atabaki ni kitu mnachogombania." Nililiandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa buku la kwanza, kwa wino mwekundu. Nililiandika vizuri sana.

Enzi hizo lakini ushauri wenyewe ulikuwa mwepesi. Waliomaliza kidato cha sita walikuwa wachache, vyuo vichache, na aliyechaguliwa alikwenda alikochaguliwa huku ukoo mzima unamsindikiza. Mimi nikahamishiwa Kasulo, nyumbani kwetu Ngara, na meza ya ushauri ikaniangukia kwa sababu hakuna aliyeitaka. Kisha vyuo vya binafsi vikaongezeka, mabango yakaanza kutundikwa hadi sokoni, vijana waliovaa majoho wanacheka kwenye picha, na amani yangu ikaishia hapo.

Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipozeekea. Mzazi wa huku kwetu amejifunza jambo moja kuhusu shule, na amejifunza kwa kuumia. Ya serikali ni shule ya kata, ambako mtoto hukaa chini na mwalimu wa Hesabu ni wa kusikia tu. Ya binafsi ni ya masista, ina sweta, ina basi, na watoto wanafaulu. Hilo kwa sekondari sina ubishi nalo sana, ingawa nimefundisha za kata maisha yangu yote na linanichoma. Shida ni kwamba mtoto akifika kwenye mambo ya chuo kikuu, mzazi anaendelea na mawazo yaleyale. Chuo cha serikali kwake ni shule ya kata kubwa. Cha binafsi ni cha masista, na ada ikizidi kupanda ndivyo anavyozidi kukiamini.

Nimeeleza. Jamani nimeeleza. Nimeeleza kwenye mikutano ya wazazi, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, nje ya kanisa baada ya misa. Nimesema kwenye vyuo mambo ni mengine, vya serikali ndivyo vinavyogombaniwa, na vya binafsi vipo vizuri kweli na vipo vya jina tu, kwa hiyo uliza kozi, usiulize rangi ya geti. Mama mmoja alikuja kutoka Nemba kumleta mpwa wake, nikamweleza saa nzima kwa kalamu na karatasi, akawa anaitikia kwa kichwa kila neno. Nilipomaliza akaniuliza, "Sasa mwalimu, kwenye hicho cha binafsi, siku ya kuwatembelea watoto ni lini?"

Baada ya wazazi, kilichonichosha zaidi ni simu. Siku hizi mtoto anaomba chuo kwa mtandao, na mfumo unamtaka aandike namba ya simu. Watoto walikuwa wanakwenda kujaziwa kwenye duka la kuchapisha pale sokoni, na mwenye duka, kwa kurahisisha kazi yake, anaandika namba yake mwenyewe kwa kila mtoto. Mwaka mmoja akahamia Geita na simu yake. Nikasema basi waandike namba za baba zao. Baba mmoja akabadilisha laini mara tatu kwa mwezi, mwingine simu ikatumbukia kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, wa tatu simu aliikopesha kwa shemeji. Nikachoka. Nikanunua kitochi, kisimu kidogo cha vitufe, nikakifungia kwenye droo ya ofisini, na tangu siku hiyo kila mtoto niliyemsaidia aliandikwa namba ya kitochi changu. Nilijiona nina akili kuliko wote.

Ninyi vijana mnajua mambo yalivyo, lakini naeleza kwa asiyejua. Mtoto akipokelewa na vyuo viwili, mfumo unatuma namba ya siri kwenye simu aliyojiandikishia. Kwa namba hiyo anathibitisha chuo kimoja, na akishathibitisha, nafasi ya kile kingine anapewa mtu mwingine. Siku zikipita hajathibitisha, amekosa vyote viwili. Namba za siri za watoto wote zilikuwa zinaingia kwenye droo yangu, na ufunguo wa droo niliuvaa shingoni pamoja na rozari.

Sasa nifike kwa Editha. Nilimfundisha tangu kidato cha kwanza, akaenda kidato cha tano na sita mkoa mwingine, akarudi na matokeo mazuri ya Fizikia, Kemia na Biolojia. Baba yake, Mzee Gervasi, ni mkulima wa ndizi na maharage hapa hapa Kasulo. Tulimwombea vyuo, na akapokelewa na viwili. Cha serikali, kusomea ualimu wa sayansi, kozi ambayo wakati ule ilikuwa inapata mkopo kwa urahisi. Cha binafsi, kusomea uuguzi, kwa ada ambayo niliisoma mara mbili nikidhani wameongeza sifuri, na mkopo wake ni wa kubahatisha. Walikuja wote wawili ofisini. Benchi tulikuwa nalo. Sikumwambia mtu akae kwenye benchi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwarimu. Nimekuja kukwambia Editha anakwenda kwenye kile cha binafsi."

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa sababu ni cha binafsi."

Nilishusha pumzi. Nikaanza tena wimbo wangu, kwamba cha serikali atasoma kwa mkopo, yeye atahangaika na nauli na godoro tu.

"Hapo ndipo sipataki," akasema. "Huyu alisoma shule ya kata. Nilikuja siku moja nikamkuta amekaa chini, daftari juu ya magoti. Nilirudi nyumbani sikula. Nikasema siku nikiweza, nitamripia mtoto huyu shule ya kweli."

"Mzee, chuo si shule ya kata."

"Wewe unasema hivyo kwa sababu unafanya kazi ya serikari."

Editha alikuwa amekaa karibu na mlango. Akafungua mdomo, akasema, "Mwalimu, mimi naona—" nikamwambia, "Subiri kwanza, mama, tumalizane na baba." Akafunga mdomo. Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi kuliko cheti chochote nilichowahi kupewa.

Nilimuuliza mzee ada ataitoa wapi. Akasema atamuuza Gaju. Hapo niliacha habari za ada, maana mimi pia ni Mhangaza wa Ngara kama yeye, na najua Gaju ni ng'ombe wa namna gani. Hakununuliwa. Alipewa na rafiki yake, Mzee Bandiho, miaka mingi nyuma, na ng'ombe wa kupewa hapelekwi mnadani kama mbuzi wa kununuliwa. Unakwenda kwanza kwa aliyekupa, unamweleza shida yako, na yeye akikataa, mambo yameishia hapo. Mtu aliyemuuza kimyakimya anasemwa mpaka kwenye msiba wake.

Nikaona nimepata mlango. Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa Mzee Bandiho kabla Gervasi hajafika, au ndivyo nilivyofikiri. Mzee alinipa maziwa ya mgando, akanisikiliza mpaka mwisho, chuo hiki, chuo kile, mkopo, ada, kila kitu. Kisha akafuta midevu yake.

"Gervasi alikuja juzi," akasema. "Alisimama hapo ulipokaa. Mwanangu, mimi ng'ombe yule nilimpa ili watoto wake wanywe maziwa. Sasa mtoto amekua anataka kusoma. Nimwambie nini, aendelee kunywa maziwa?"

"Lakini mzee, chuo cha serikali ni—"

"Mambo ya vyuo siyajui. Najua Gervasi hajawahi kuniomba kitu kingine."

Nilimaliza maziwa nikarudi nyumbani nimenuna. Wiki nzima nilinuna. Nilikuwa nimekasirishwa na Gervasi kwa kuamini ada, nimekasirishwa na Bandiho kwa kuwa muungwana wakati nilitaka awe mgumu, nimekasirishwa na mabango ya sokoni. Namba ya siri ya Editha iliingia kwenye kitochi siku ya Jumatano. Sikuwaambia. Nilijipa sababu, kwamba nasubiri mzee apoe.

Siku ya mwisho ya kuthibitisha ilikuwa siku ya mnada. Asubuhi nilimwona Gervasi anapita barabarani na Gaju, kamba mkononi, Editha nyuma na fimbo ambayo ng'ombe yule hakuihitaji. Niliingia ofisini, nikafungua droo. Nikafikiri, nikiwahi sasa, mzee atapigiwa simu akiwa njiani, atageuza, ng'ombe atabaki, mtoto atasoma kwa mkopo, na baadaye watanishukuru. Namba yake ya simu nilikuwa nayo. Nikafungua kompyuta, nikaingiza namba ya siri, nikathibitisha chuo cha serikali. Kwenye buku la tano nikaandika: Editha Gervasi. Serikali. Nimethibitisha mwenyewe, saa nne na robo. Kisha simu nikaogopa kupiga. Hiyo ndiyo kweli, hakuna nyingine. Nilikaa natazama namba ile mpaka kengele ya mapumziko ikalia, nikaenda kunywa chai.

Walirudi saa nane. Gaju alikuwa ameuzwa. Mzee alikuwa na fedha kwenye mfuko wa ndani wa koti, ameufunga kwa pini, na uso wake sijawahi kuuona umekunjuka namna ile. "Mwarimu," akasema, "tayari. Thibitisha."

Nikamwambia mfumo umechagua wenyewe. Nikasema siku zilikuwa zimekwisha, mfumo ukawapeleka moja kwa moja cha serikali, na sasa hakuna cha kufanya.

Alivua kofia. "Huo mfumo ni wa serikari?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi."

Editha alisema, "Asante, mwalimu." Wakatoka. Mimi nikafunga droo.

Zile fedha mzee alinunulia mabati, maana ng'ombe aliyekwisha kuuzwa harudi. Ukielekea shuleni Kasulo utaiona nyumba yenye mabati ya kijani upande wa kushoto. Mimi nikipita pale hutazama kulia. Mzee Bandiho alisikia kilichotokea, na kwa utaratibu wetu hakusema neno, wala Gervasi hakumpelekea maelezo, maana angemweleza nini? Kwamba mfumo umekula ng'ombe?

Editha alimaliza chuo vizuri. Niliwaahidi kwamba ualimu wa sayansi una ajira, na mwaka aliomaliza ajira zikawa za kungojewa kama mvua. Akarudi kwetu kujitolea, miaka mitatu, analipwa kwa michango ya wazazi inayokuja wanapokumbuka. Siku moja tunakunywa chai ofisini, nikamuuliza kama utani lile swali la Rwegasira. Miaka yote hiyo sikuwa nimemuuliza. "Editha, ukiamka asubuhi, kama si hapa, ungetaka uende ukafanye nini?"

"Wodini," akasema, bila kufikiri. "Nilitaka uuguzi tangu mama alipolazwa. Yule nesi aliyemhudumia, nilisema nitakuwa kama yeye. Ndiyo maana nilikuwa namwomba baba kile cha binafsi. Lakini mfumo ulichagua." Akacheka, akaongeza sukari.

Kwa hiyo nieleweni. Mzee Gervasi alikuwa na sababu mbaya ya kutaka chuo kile, na mimi niliipiga vita sababu yake mpaka nikaishinda. Binti alikuwa na sababu nzuri, ameishika mkononi, amekaa karibu na mlango, nami nikamwambia asubiri. Bado nasema ada ile ilikuwa kubwa mno. Bado nasema cha serikali hakikuwa kibaya. Lakini hakuna aliyeniomba nichague, na ng'ombe wa watu wawili aliondoka kwa ajili ya jambo nililokuwa nimekwisha kuliua saa nne na robo.

Nilipofika hapa kuandika, jana, niliona aibu kumwachia mtu karatasi wakati anaishi mwendo wa robo saa. Nikachukua buku la tano na kitochi, nikaenda shuleni. Nje ya ofisi nilikuta baba mmoja amekaa kwenye benchi, amevimba kwa hasira.

"Mwarimu mpya amenitoa nje," akanilalamikia. "Mimi, ninayeripa."

"Kaa tu," nikamwambia, nikakaa pembeni yake. Tukasubiri. Ndani kulikuwa kimya, kile kimya cha Rwegasira, nikajua buku la kwanza limesomwa.

Baba aliitwa ndani, na yeye na mtoto wake walipoondoka niliingia, nikaweka buku mezani, nikalifungua kwenye ukurasa wenyewe. Editha alisoma ule mstari. Akausoma tena. Nilimwambia kila kitu, namba ya siri iliyokaa kwenye droo tangu Jumatano, simu ambayo sikupiga, uongo wa mfumo. Nikamwomba anisamehe. Aliweka kidole chake kwenye saa nne na robo.

"Nilikwambia asante," akasema.

"Uliniambia."

"Baba anajua?"

"Hajui."

Akalifunga buku, akaliweka pamoja na yale manne. Kitochi alikisogeza upande wangu wa meza. "Hiki rudi nacho, mwalimu. Kila mtoto ataandika namba anayoijua yeye, ikipotea tutahangaika naye." Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, afadhali ingekuwa ya hasira: "Mimi umeniambia. Lakini ng'ombe hakuwa wangu."

Leo ni Ijumaa. Jumamosi Mzee Gervasi hushinda nyumbani anachambua maharage, na Mzee Bandiho, ambaye sasa haoni vizuri, huletwa pale na mjukuu wake kuota jua na rafiki yake. Nitawakuta wote wawili chini ya mabati yale. Nimemwomba jirani anifungie beberu asiende mbali, maana nitaondoka naye asubuhi. Si ng'ombe, najua, lakini kwetu mtu hawezi kwenda kusema jambo kama hili mikono mitupu.